Siku Niliyosifu Sahani Nyeupe

Nyaishozi, Karagwe
11 Agosti 1991

Dada yangu mpendwa Stephania,

Shikamoo dada. Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani, umgawie na shemeji, naye umpe fungu kubwa kwa sababu najua goti lake bado linamnyima usingizi. Wajukuu hawajambo? Yule mdogo aliyekuwa anakula udongo ameacha, au mmeamua kumwachia ukuta mzima? Sisi huku tu wazima. Kiangazi kimetubana, vumbi la barabara limetua hadi kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, lakini kahawa imekubali mwaka huu na ndizi hazijatutupa. Leo tumetoka kanisani, tumekula, na sasa tumekaa barazani kukuandikia.

Nasema tumekaa kwa sababu bila shaka umekwisha kuona kwamba huu si mwandiko wangu. Wangu unaujua, kuku akikanyaga tope anaandika vizuri zaidi. Anayeandika ni mkamwana wetu Uwimbabazi, mke wa mwanangu Yustus, ambaye kwenye harusi yake ya mwezi wa nne hukuweza kufika. Nimemwambia kwamba mikono inaniuma kwa kuchuma kahawa, naye amekubali kunisaidia. Sharti nililompa ni moja tu, aandike kila nitakalosema, hata likimhusu yeye, hata likimchoma, wala asinipunguzie makali. Amecheka kidogo akaitikia kwamba sawa, mama. Hilo ndilo cheko la kwanza nililolisikia humu ndani tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, na ndiyo habari ninayotaka kukupa. Tunaandika Kiswahili badala ya Kinyambo chetu kwa kuwa kwao Bweranyange walimlea kwa Kinyarwanda, na mimi naye hukutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akiwa ametoka kwake.

Utakumbuka nilivyokuandikia Yustus aliponiambia kwamba amepata mchumba kwa mzee Harerimana. Nilinung'unika kurasa mbili. Nilisema wale watu ni wapole mno, kwamba mtoto wa wapole ataweza wapi kuishi na mimi, na kwamba mama yake, Mukantabana, anapokusalimia huwezi kujua kama amekusalimia au amepumua tu. Basi hayo yote nayafuta mbele ya huyu huyu anayeyaandika. Tangu Yustus arudi Biharamulo kwenye kazi yake ya ujenzi, sisi wawili tumebaki na nyumba na shamba, na sijapata kuishi na mtu anayenitendea vizuri namna hii bila kelele. Asubuhi nikiamka nakuta uji. Nikirudi shambani nakuta maji ya miguu yamepashwa moto. Nimemlalamikia kwamba ananidekeza, naye haachi. Ameandika hilo? Nimemwuliza, anasema ameandika.

Sasa nije kwenye sahani.

Wewe ulizicheka sahani zangu kabla ya watu wote, kwa hiyo sina haja ya kukueleza sana, lakini huyu mtoto hajawahi kusikia zilikotoka, na ningependa ajue. Ya kwanza nilipewa na Sista Hedwiga, yule muuguzi wa Kizungu niliyekuwa namfulia nguo pale misheni kabla sijaolewa. Siku anarudi kwao kwa ajili ya uzee alinipa sahani ya bibi yake, nyembamba kiasi kwamba ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Katikati palikuwa na waridi moja jekundu, limefunguka nusu, na ukingoni mstari wa dhahabu. Alinieleza kwamba waridi lile halikupigwa kwa mashine. Mtu alikaa kwenye kiti, akashika brashi yenye nywele chache, akalichora jani kwa jani, na mtu huyo alikwisha kufa hata kabla bibi yake Sista hajazaliwa. Dada, maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa msichana mfua nguo, nami nimeshika mkononi kazi ya mtu aliyekaa mahali fulani Ulaya, akachora ua taratibu bila kujua kwamba litafika Nyaishozi.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa sahani. Wengine hukusanya vitenge. Mimi nikisikia mahali pana chombo cha kale cha Wazungu, cha kauri au cha udongo, siponi mpaka nimekiona. Mjane wa yule Mhindi wa duka pale Kayanga alipohama nilimpa mkungu wa ndizi na jogoo, naye akanipa sahani yenye ndege wa mkia mrefu ambaye hadi leo sijamjua jina. Kuna mama wa Kinyarwanda aliyevuka mto mwaka wa sitini na kitu akiwa na bakuli la supu kichwani, akaniachia mimi, lina kifuniko, limechorwa msichana anachunga mbuzi amevaa viatu, jambo ambalo mume wangu Rwegasira hakukubali kamwe kwamba linawezekana. Ile ya buluu yenye kinu cha upepo niliiokoa kwa katekista mmoja aliyekuwa akiitumia kunyweshea kuku. Nyingine zilikuwa na alama kwa chini, panga mbili zimepishana, au taji dogo, na mimi nilizisoma alama hizo kama watu wanavyosoma chapa za ng'ombe.

Watu walisema nakusanya vyombo vya wafu. Rwegasira, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba alilipa mahari ya mke mmoja akaletewa na ukoo wa Wazungu. Mwaka ule wa vita, tuliposikia mizinga na watu wakaanza kubeba mizigo, alinikuta kwenye migomba nachimba shimo, nimezifunga sahani moja moja kwa majani makavu ya mgomba. Aliniuliza sufuria ziko wapi. Nilikuwa nimezisahau. Tulikaa ukimbizini kwa kuazima sufuria za watu, naye hakunisema hata mara moja, ila kila tulipokula alikuwa akiuliza kwa upole kama leo tutachemsha ndizi kwenye waridi.

Hakuna aliyewahi kula kwenye sahani zile, si padre, si mkuu wa wilaya. Zilikaa kwenye rafu chumbani kwangu, nami mwenyewe nilizifuta kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu. Sasa sikiliza nilivyofanya. Muda wa Uwimbabazi wa kukaa ndani kama bibi harusi ulipokwisha, nikawaita wanawake wa jirani waje siku ya yeye kupika mara ya kwanza mbele ya watu, kama ilivyo desturi yetu. Na asubuhi ya siku ile moyo wangu ulikuwa umejaa. Nikamwambia kwamba leo wageni hawatakula kwenye majani ya mgomba, watakula kwenye sahani zangu, na kwamba azitoe zote azioshe vizuri. Yeye aliniuliza mara mbili kama nasema sahani zile zile za chumbani. Nikamjibu kwamba ndiyo, zile zile, maana nani mwingine nilikuwa namwekea? Kisha nikaenda zangu kuwaalika waliokuwa hawajasikia.

Namna ya kuziosha sikumwambia. Hata haikunipitia kichwani kwamba kuna wa kuambiwa. Kumbe kwa Mukantabana chombo cha heshima huoshwa kwa majivu yaliyochekechwa na mchanga laini wa mtoni, kisha husuguliwa kwa nyuzi za mgomba mpaka kilie. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya, tena kwa nguvu zake zote, kwa sababu zilikuwa za mama mkwe na siku ilikuwa yake. Sahani zilikuwa zimeshika masizi mengi, nimeambiwa, hata michoro ilikuwa haionekani vizuri. Alisugua masizi, masizi yakatoka. Akaendelea kusugua, na vilivyokuwa chini ya masizi navyo vikatoka. Waridi likatoka, ndege akatoka, msichana wa mbuzi akatoka na viatu vyake, na dhahabu yote ikaenda na maji ya majivu kwenye shina la mgomba. Alipozisuuza na jua likazipiga, ndipo alipoona, na wageni walikuwa tayari wanaingia uani.

Hayo alinisimulia jirani yetu Anatolia baadaye, kwa sababu alimkuta amepiga magoti pale nyuma ya nyumba ameshika sahani kifuani. Anatolia ndiye aliyemwinua, akamwambia kwamba hakuna jinsi, apakue, na mengine tumwachie Mungu.

Basi wanawake wakakaa. Tukatafuna kahawa ya kukaribishana. Mtoto akaingia akapiga magoti, akaweka chakula mbele yetu, ndizi na maharage na samaki, kwenye sahani nyeupe pe. Sasa dada, unanijua ulimi wangu. Karagwe nzima inaujua. Mimi ndiye niliyemwambia Polikarpi kwamba kwaya yake iliimba vizuri mno, hata waliokuwa wamelala hawakusumbuliwa. Mtu akisikia Laurensia anasifu, huanza kujikagua nguo. Na siku ile nilisimama nikasifu. Niliwaambia wanawake wazitazame sahani zangu, kwamba tangu Sista Hedwiga aondoke hazijapata kuoshwa namna hii. Nikasema huyu ndiye mkamwana, na wenye wakamwana wengine wakajifunze. Kwa kuwa kunyamaza sikujui, nikaongeza kwamba kwa mikono hii nyumba yangu haitabakiwa na doa.

Nilisikia mtu anakohoa. Nikasikia huyu mtoto anainuka, anatoka, hatua zake nyepesi kuliko kawaida. Nilidhani ni haya ya bibi harusi, nikala ndizi zangu kwa raha, na zilikuwa zimeiva vizuri.

Wageni walipoondoka, Anatolia alinishika mkono kwenye uzio. Alikuwa na hasira, na unajua si mtu wa hasira. Aliniambia kwamba amenivumilia miaka mingi lakini leo nimevuka mpaka, kwamba hata kama mtoto ameharibu mali hachunwi ngozi mbele ya watu, tena kwa tabasamu. Nilimwuliza anazungumzia nini. Akasema nisijifanye, akanieleza yote ya majivu, akaondoka bila kuniaga.

Nikaingia chumbani. Sahani zilikuwa zimerudishwa kwenye rafu, zimepangwa kwa utaratibu wake. Nikaichukua ya kwanza, nikapitisha kidole pale waridi linapokaa. Rangi ya waridi ilikuwa imenyanyuka kidogo juu ya sahani, ukipapasa unalipata jani kwa jani, hata pale mchoraji alipokatiza mkono. Sasa palikuwa panateleza kama ganda la yai. Nikapapasa ya pili na ya tatu. Nililia, dada. Sitakudanganya kwamba sikulia. Nyumba yetu ina ukuta mwembamba, na upande wa pili huyu mtoto alikuwa anasikia.

Tangu siku hiyo anapika, anateka maji, anaosha miguu yangu, na hasemi. Nami sikusema. Alhamisi nilisikia sanduku lake la bati linavutwa kutoka chini ya kitanda, na nguo zinakunjwa kwa muda mrefu. Jana jioni alinijia akapiga magoti, akaomba ruhusa kwa adabu zote aende kuwasalimu wazazi wake Bweranyange, kesho Jumatatu asubuhi. Nikamwuliza atarudi lini. Akasema Mungu akipenda. Hilo ni jibu la mtu asiyerudi, hata mimi niliwahi kulitoa. Nilimpa ruhusa. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba kabla hajaondoka aniandikie barua kwa dada yangu.

Sasa Uwimbabazi andika, na usisimame.

Dada Stephania, mikono yangu haiumi. Mikono yangu ingeweza kuichuma kahawa ya kata nzima. Ni macho. Yamekuwa yakinitoka kidogo kidogo tangu mwaka alipokufa Rwegasira. Kwanza niliacha kuona vya pembeni, nikawa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mwanzi, na sasa hata hicho ninachokichungulia kimejaa ukungu. Niliwaaga watu kwamba naenda kumwona binamu yetu Placidia aliyejifungua, kumbe nilikwenda hospitali. Daktari alisema ni shinikizo la ndani ya macho, na kwamba lililokwisha kwenda halirudi. Alinipa dawa ya matone ili niyashike yaliyobaki, nayo ilikwisha, nami sikurudi. Migomba yangu naijua kwa miguu. Watu nawajua kwa sauti. Mwezi wa nne nilicheza kwenye harusi ya mwanangu, na bibi harusi sikumwona. Nimeishi naye hadi leo na sura yake siijui, ila kwamba ni mrefu, kwa sababu sauti yake inatoka juu.

Sikumwambia mtu, hata Yustus, hata wewe, zaidi sana wewe. Nilijua ungepanda gari kesho yake uje unichukue unipeleke Mwanza, unikalishe kwenye kiti, wajukuu waniongoze chooni. Kaburi la Rwegasira liko hapa. Migomba yangu iko hapa. Mwanza sijui hata mlango uko upande gani.

Basi ndiyo hiyo. Sahani zile zilishika masizi kwa sababu mwenye kuzifuta hakuona masizi. Na siku ile niliposimama mbele ya wanawake nikazisifu, sikuona kwamba maua hayapo. Niliona weupe, kitu kinang'aa mbele yangu baada ya siku nyingi za ukungu, nikafurahi. Kila neno nililosema lilikuwa sifa. Halikuwa na mwiba hata mmoja. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumsifu mtu kwa moyo mweupe mbele ya watu, na hakuna aliyeniamini, na kosa ni la ulimi wangu wa miaka yote. Nilipogundua walichokisikia, ilinibidi nichague, waniite mkatili au waniite kipofu. Siku nane nimechagua ukatili, na huyu mtoto ndiye aliyekuwa anaulipia.

Kalamu imesimama. Nimemwambia aendelee. Anasema karatasi imelowa, ageuze upande wa pili. Ageuze.

Amenikatiza kuniambia kwamba ile ya buluu ipo, kinu na mawingu na kila kitu, haikutoka hata alama. Rangi ya ile ilipakwa kabla ya kauri kuvikwa kioo chake kwenye moto, ndiyo maana. Ni laini juu, kidole hakiipati, nami nilidhani nayo imekwenda. Haya, Mungu ashukuriwe, na katekista na kuku wake.

Nilizilia sahani, hilo ni kweli, na nitazilia tena siku nyingine. Lakini nilikuwa nimekwisha kuziaga moja moja tangu macho yalipoanza kufifia. Huyu sijamwaga, wala sitaki kumwaga. Sisemi hivi ili nimfunge kwa huruma. Ana miaka ishirini, ana mume, ana wazazi, hakuolewa aje kumwongoza mama kipofu. Kama kesho atapanda gari, nitamsindikiza barabarani kwa miguu yangu, naijua njia, na aende akijua kwamba nilimsifu. Na wewe, akiondoka, ndipo uje unichukue. Sitabishana. Nitakaa kwenye kiti chako huko Mwanza na nitakuwa mgonjwa msumbufu kuliko goti la shemeji.

Sitajua kama ameyaandika haya yote au amechora mistari tu. Itabidi nimwamini, nami namwamini.

Nisalimie shemeji, uniombee, wajukuu uwabusu wote, mla udongo umbusu mara mbili. Anatolia angekusalimu kama tungekuwa tunasalimiana. Mungu akipenda tutaonana, mimi kwa masikio.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Laurensia

Mama mkubwa, shikamoo. Ninayeandika sasa ni mimi mwenyewe, Uwimbabazi. Mama amemaliza, ameingia ndani, anasema amechoka. Nimeandika yote kama alivyosema. Kesho nitakwenda naye hospitali kufuata ile dawa, halafu tutapita kwa mama Anatolia. Yustus nitamwandikia jioni hii. Mama amesema uje umchukue nikiondoka. Tafadhali usije kumchukua. Njoo ututembelee tu.

Mwanao,
Uwimbabazi